Kikundi cha mtaa bila mwenyekiti: mwongozo kamili kutoka ploti ya kwanza

Nianze na neno lenyewe manake najua kuna mtu akisikia "uanakisti" anaona tu matairi yanachomwa na duka linavunjwa. Wacha hiyo. Wenye hiyo fikra tangu zamani wanasema kitu simpo sana, kwamba watu wanaweza kupanga maisha yao bila bosi juu yao, na ukishaweka bosi, ata awe mzuri aje, siku moja atakula. Kuna Mrusi mmoja anaitwa Kropotkin, mtu wa jiografia, alizunguka Siberia miaka ya 1860 akaona wanyama wanaovuka ile baridi ni wale wanaosaidiana, akaliongelea hilo karibu maisha yake yote. Nilivyosoma nilicheka. Shosho yangu hajawahi kusikia Siberia lakini kila msimu wa kupalilia alikuwa anaenda ngwatio, leo shamba la huyu, kesho la yule, hakuna mkubwa na chai anapika mwenye shamba. Wakamba wanaita mwethya, Wajaluo wanaita saga. Na sehemu kubwa ya Kenya haikuwa na mfalme wala chifu hadi Waingereza walipotunga sheria ya ma-hedimani mwaka 1902 wakaanza kutuchagulia wakubwa, na sai tunaona ni kama chifu alikuwepo tangu dunia iumbwe.

Kwa hivyo hii si ideolojia nimebeba kutoka Ulaya nije niwauzie. Ni vile tu tumesahau, na nataka kuwaandikia hatua kwa hatua vile sisi tulifanya huku Eastlands, Nairobi, pamoja na pale tulipoanguka manake tulianguka vizuri.

Kikundi chetu cha kwanza tulikianzisha kama kila Mkenya anavyoanzisha kikundi, yaani kabla ata hatujajua tunataka nini tukachagua viongozi. Watu 14, vyeo 6. Mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu, mweka hazina na mwingine tukamwita "mratibu" ndo asikasirike. Uchaguzi wa 2017 ulivyokaribia tukamwona mwenyekiti wetu juu ya gari la kampeni la mgombea mmoja, jina sitaji, ameshika maiki anasema "watu wangu wote wako nyuma yako". Watu wake! Sisi! Namba zetu zote za simu alikuwa nazo yeye, tukaanza kupokea meseji za kampeni saa kumi na moja asubuhi. Mweka hazina naye alisema simu imepotea na laini pamoja na pesa, na ata sai sijui kama ilipotea ama ilipotezwa.

Hapo ndo nilijifunza kitu nitarudia mpaka mchoke: kuna vitu vitatu kwenye kikundi chochote, pesa, orodha na mdomo. Orodha ni namba za watu, grupu ya WhatsApp, funguo, makaratasi. Mdomo ni nani anaongea kwa niaba ya wote. Mtu mmoja akishika viwili kati ya hivyo vitatu, ata mumuite "komredi" ama "mtumishi wenu", mshapata bosi. Kila kitu kinachofuata hapa chini ni njia za kuvitenganisha hivyo vitatu na kuvizungusha.

HATUA YA 1: shika uchungu mmoja, uhesabu

Usiite mkutano wa "ukombozi". Watakuja watu wawili na mmoja atakuwa ametumwa na chifu. Ita mkutano wa maji, ama wa takataka, ama wa taa kwenye ile njia ya choo ambapo wasichana wanashikwa usiku. Kitu ambacho mama yeyote anaweza kukuambia bei yake bila kufikiria.

Sisi ilikuwa maji kwa hivyo nitaongea maji. Kabla ya kikao chochote watu watatu wapite nyumba kwa nyumba na daftari, maswali ni matatu: mnatumia mitungi mingapi kwa siku, mnanunua shilingi ngapi, mnaenda kuchota wapi. Usiulize jina, usiulize kitambulisho, usiulize kabila (na mtu akikuambia kabila yake usiandike). Halafu kaeni chini mpige hesabu. Mtungi ni lita 20, kwa hivyo mita moja ya ujazo, ambayo ndo kipimo cha bili ya maji, ni mitungi 50. Ukinunua mtungi kwa shilingi 5 unalipa 250 kwa mita. Siku mifereji imekauka na mtungi umefika 20, unalipa 1,000. Sasa tafuta mtu anaishi esteti iliyo na mita, muombe bili yake, iweke kando ya hiyo hesabu yenu muone nani analipa zaidi, maskini ama yeye. Na ujue Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, mwaka 2015 ziliwekwa mashine za maji za kadi, lita 20 kwa senti 50, yaani shilingi 25 kwa mita. Maji yenyewe kumbe si ghali, ghali ni mikono yanapopitia.

Nyumba ya mitungi 6 kwa siku, kwa 5, inatoa 30. Mwezi ni 900. Ploti zetu zilikuwa na nyumba 64, piga hesabu, ni 57,600 kila mwezi. Nilipoiandika hiyo namba kwa karatasi kubwa nikabandika ukutani kwa kibanda cha chapo, hakuna mtu aliuliza tena kwa nini tunakutana.

HATUA YA 2: kumi kumi

Nyumba kumi, mjumbe mmoja. Ndio najua serikali ilichukua hiyo hesabu ikaifanya ya polisi mwaka 2013, na Tanzania walikuwa nayo ya chama tangu miaka ya 60, lakini hesabu si ya mtu. Watu wa Mukuru, mitaa ya mabanda Nairobi, waliitumia vizuri. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru (Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani) kuwa eneo maalum la mipango, Muungano wa Wanavijiji, ambao uko tangu 1996 na ulianza kwa kupinga watu kubomolewa nyumba, uliwapanga watu kwa vikundi vidogo vya nyumba jirani, vidogo vinaungana vinakuwa vikubwa, ndo maoni ya nyumba karibu laki moja yakaweza kusikika bila kuita mkutano wa uwanjani ambapo wenye sauti kubwa tu ndo wanaongea.

Mjumbe si kiongozi. Anabeba maneno ya nyumba kumi anayapeleka, analeta majibu, basi. Akiulizwa kitu ambacho nyumba zake hazijaongelea anasema "hiyo sina, nitarudi nayo". Ni ngumu kuliko unavyodhani, manake mtu akishakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ofisa na kuletewa soda anaanza kuwa na majibu yake. Kwa hivyo weka mbili za lazima: mjumbe anakaa miezi mitatu halafu zamu inaenda nyumba ingine, na nyumba zake zinaweza kumbadilisha katikati bila sababu kubwa. Waswahili wanasema mjumbe hauawi. Sawa, lakini anabadilishwa.

Kuna watu watakuambia kuzungusha zamu ni kupoteza uzoefu. Wazapatista, wale wenyeji walioasi serikali kule Chiapas, Meksiko, walizungusha watu kwenye mabaraza yao tangu 2003, wakulima, wengine hawajasoma, na wakaendesha shule na kliniki kwa miaka ishirini kabla ya kuamua wenyewe mwaka 2023 kubadilisha mpango na kurudisha mamlaka chini zaidi. Uzoefu unapotea kama hauandikwi. Anayetoka akae wiki mbili na anayeingia, amuonyeshe makaratasi yako wapi na askari gani anapenda kusumbua.

HATUA YA 3: kikao, na hapa ndo kazi iko

Saa ya kikao inaamua nani anakuja. Tulikuwa tunakutana saa moja jioni, wanaume watupu, tukashangaa kwa nini kina mama "hawana interesti". Saa moja jioni mama anapika! Na kutembea usiku kurudi nyumbani ni hatari. Tukahamisha Jumapili saa tisa mchana, watoto wakakuja nao, wakapewa chaki wachore chini, na ghafla kikao kikawa na watu ambao ndo wanabeba hayo maji kwa mgongo.

Kila kikao watu watatu wanachaguliwa hapo hapo kwa kikao hicho tu: mmoja wa kuendesha, mmoja wa kushika saa, mmoja wa kuandika. Wiki ijayo ni wengine. Anayeendesha haruhusiwi kutoa maoni yake, akitaka kutoa anampa mwingine kiti.

Halafu maharagwe. Hii niliipenda mpaka nikaipeleka kwa chama ya kanisa. Kila mtu akiingia anapewa maharagwe matatu. Ukiongea unaweka moja kwa bakuli. Yakiisha umenyamaza mpaka kila mtu amalize yake. Siku ya kwanza yule jamaa yetu wa siasa, anajijua, alimaliza yake dakika kumi za kwanza akakaa hapo anateseka kama mtu amefungwa mdomo na plasta. Na mama mmoja muuza omena, miezi minne hajawahi kusema kitu, akiwa bado ana matatu yake mkononi akasema "hiyo paipu imekatwa nyuma ya kinyozi, mimi nimewaona wakikata". Miezi minne alikuwa anajua! Hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Maamuzi: msikimbilie kupiga kura. Kura inatengeneza waliopigwa, na waliopigwa hawaji kikao kijacho. Tumieni mkono, kidole gumba juu ni nakubali, mkono ulionyooka ni sipendi lakini nitavumilia, gumba chini ni napinga kabisa. Mwenye gumba chini lazima aseme kwa nini na alete wazo lingine, la sivyo ni kelele. Mikono iliyonyooka ikizidi nusu ujue wazo ni bovu, watu wanaona tu aibu kukataa. Mkikwama vikao viwili kwa kitu kimoja, basi pigeni kura mwende, theluthi mbili, lakini muandike kwamba mlikwama. Sio dini.

Dakika tisini. Ikipita hapo watu wanakubali chochote ndo waende.

HATUA YA 4: pesa

Kwanza, msianze na pesa. Miezi miwili ya kwanza hakuna kuchanga, manake pesa ikikuja kabla ya imani inaleta polisi wa kikundi na wezi wa kikundi siku hiyo hiyo.

Mkianza, sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Vikundi vya akiba vijijini vinatumia hii Afrika nzima kwa sababu inafanya kazi. Mkitumia M-Pesa basi kila kikao kinaanza na mwenye laini kusoma meseji ya balansi kwa sauti, simu inapitishwa, watu wanaona na macho. Isome ata kama ni shilingi 340. Siku isiposomwa ndo siku ya kuuliza.

Mkitaka akaunti ya benki mtatakiwa mjisajili. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na fomu itawauliza mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni nani. Wengine wangu wa msimamo mkali wanasema kusajili ni kusaliti. Mimi nasema jazeni fomu. Andikeni majina matatu kwa fomu ya serikali na ndani kwenu muwe na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa na wote kwamba hao watatu ni majina ya fomu tu, hawana uamuzi, na wanabadilishwa fomu ikirudiwa. Saini za benki ziwe tatu na zote tatu zihitajike. Lakini kama hamna pesa ya kuhitaji benki, sanduku linatosha, usijitafutie ofisi.

HATUA YA 5: karatasi

Mnaandika kila kitu. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilipotoa ripoti yake ya 2017 kuhusu vijana waliouawa na polisi, nguvu yake ilikuwa kwamba wakaazi wenyewe walizunguka wakakusanya majina, tarehe na mahali, kesi kwa kesi, na sio "vijana wetu wanamalizwa" ya kila siku. Hivyo hivyo na maji: tarehe mfereji ulikauka, saa, nani aliona, picha. Nakala mbili, moja haikai mtaani.

Halafu barua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 inasema unaweza kuomba kwa Kiswahili, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21, ama saa 48 kama ni jambo la uhai wa mtu. Kwa Kiswahili! Watu wanatafuta wakili wa kuwaandikia Kizungu cha bure. Andika: tunaomba nakala ya ratiba ya maji ya mtaa wetu, orodha ya miunganisho ya maji iliyoidhinishwa eneo hili, na bajeti ya ukarabati wa mwaka huu. Vitu ambavyo viko kwa karatasi tayari. Usiandike "tunaomba mtusaidie". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ndo dhahabu yenu. Wakinyamaza peleka hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita Ombudsmani, ni bure.

Na anayesaini barua? Msisaini mtu mmoja. Sisi tulisaini kwa duara, majina yakazunguka kama sahani, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, karani alitafuta jina la juu ya wengine akakosa.

HATUA YA 6: presha

Hapa kuna ngazi, panda moja moja, usiruke.

Ya kwanza, ujumbe ofisini, watu watatu kila mara, kamwe mmoja. Wakiambiwa "mmoja wenu abaki tuongee pembeni" wote wanatoka. Hiyo pembeni ndo vikundi vinakufa. Ya pili, mlete ofisa kwenu, baraza barabarani, yeye anakaa kiti kama chenu, na maharagwe anapewa matatu kama wengine (sisi tulifanya hivyo, alikataa, watu wakacheka, lakini aliongea kifupi). Ya tatu ni kususia: wiki moja ploti zote zisinunue kwa muuzaji aliyepandisha, lakini hiyo inataka uwe umepanga maji ya wiki moja kutoka kwingine, usiwaambie watu wasusie kitu ambacho bila hicho hawapiki.

Ya nne ni barabara. Kifungu cha 37 kinasema una haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Sura ya 56 inataka mpeleke taarifa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Taarifa, si ombi. OCS (mkuu wa kituo) akiwaambia "sijawapa ruhusa" mwambieni kwa heshima kwamba hamkuomba. Chukueni nakala yenye muhuri. Fomu inataka jina la mwandalizi, hapo wekeni watu wenye wakili tayari na wasio na mtoto anayenyonya, mpige kura nani yuko tayari, msimpe tu yule mwenye moyo.

Kabla hamjatoka, mjipange hivi. Kila mtu na mwenzake, wawili wawili, mkiachana mnatafutana. Namba ya wakili na ya mtu wa nyumbani imeandikwa kwa kalamu kwenye mkono, kwa sababu simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Watu wawili hawaendi kabisa, wanabaki na daftari la nani ametoka na nani amerudi. Mtu mmoja na boda, kazi yake ni kufuata gari la polisi likibeba watu manake wanapenda kuhamisha watu kutoka kituo hiki hadi kile ili msiwapate.

Mtu akishikwa: anasema jina, basi, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoelewa na kuongea na wakili, na lazima apelekwe kortini ndani ya saa 24, hizi zote ni kifungu cha 49. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa ni siku ya korti inayofuata, kwa hivyo ukiandamana Ijumaa jua wikendi inaweza kuwa ya seli. Sisi tunaenda Jumanne. Mnaoenda kituoni ulizeni namba ya OB (daftari la matukio la polisi), mbebe chakula na sweta, na dhamana ya pesa inarudishwa kesi ikiisha kwa hivyo dai risiti. Aliyeumia atibiwe kwanza, aweke karatasi za hospitali, halafu fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, hiyo haiuzwi. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Na muangalie Juni 2024. Wale vijana walioandamana kupinga mswada wa fedha walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, wakapanga kwa TikTok na X na WhatsApp, mawakili wakajitolea, madaktari wakajitolea, watu wakachanga kwa simu. Tarehe 25 wakaingia Bunge, tarehe 26 rais akasema hatasaini mswada wa fedha, Julai 11 akafuta karibu baraza lote la mawaziri. Hakukuwa na mtu wa kuita Ikulu apewe bahasha, na hiyo ilikuwa nguvu kubwa. Lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliouawa wakafika 60, kukaja na utekaji, na hapo ndo tuliona shida: kukosa kiongozi si sawa na kukosa mpango. Kwenye simu hakuna aliyejua jirani yake ni nani. Mitaa iliyokuwa tayari na vituo vya haki, na watu wanaojuana kwa nyumba, ndo ilijua nani hajarudi usiku huo. Ndo maana nimeanza na daftari na maharagwe, sijaanza na barabara.

Simu kidogo: grupu ya WhatsApp iwe ya matangazo tu, admini watatu na wabadilike. Mipango ya nani anakaa wapi mnaongea uso kwa uso. Usiposti sura za watu. Yule anayekuja kikao cha pili tu na tayari anasema tuchome kitu, msimpige na msimfukuze kwa kelele, muulizeni yeye ni wa nyumba gani na mjumbe wake ni nani. Kumi kumi inajibu maswali mengi.

HATUA YA 7: jengeni chenu

Kudai tu kunachosha. Sehemu ya pili ya uanakisti, ambayo watu wanasahau, ni kwamba unaanza kuishi vile unataka kuishi kabla hujaruhusiwa. Bangla-Pesa kule Mikindani, Mombasa, 2013, wafanyabiashara wadogo walitengeneza vocha zao za kubadilishana bidhaa wakati hakuna pesa mfukoni, waanzilishi wakashikwa kama wanatengeneza sarafu ya kuasi, na mwishowe mashtaka yakaondolewa. Mtu wa kuuza samosa na wa kunyoa waliogopesha benki kuu, fikiria.

Sisi tulinunua tangi la lita 5,000. Hiyo ni mitungi 250, nyumba 64 kwa mitungi 6 zinahitaji 384 kwa siku, kwa hivyo tangi moja halitoshi, tulijua hivyo tukalinunua kama tangi la siku mbaya. Linajazwa kwa muunganisho halali wenye mita, na hapo msikubali njia ya mkato ata kidogo, ukiunganisha kwa wizi yule mwenye paipu za wizi ndo bosi wako mpya. Bei tulipanga kikao kizima, 2 kwa mtungi, ya bili na ukarabati. Wazee wanaoishi peke yao na mtu aliye na mgonjwa hawalipi, na hatuandiki orodha yao ukutani, mfungua bomba anajua tu. Kufungua bomba ni zamu, wanaume pia, na hii ilileta vita kuliko maandamano yote.

HATUA YA 8: wanaokuja na zawadi

Watakuja. Mkishakuwa watu mia mnaokuja mkiitwa, mna bei.

Mwanasiasa atakuja na tangi la pili lenye jina na sura yake. Jibu letu liliandikwa kabla hajaja: tunapokea kitu kisicho na jina, bila hotuba, bila picha, kupitia kikao. Wanne walikuja, mmoja alikubali, tangi likaja jeupe. Mjumbe akitaka kugombea kiti, ni haki yake, anaachia zamu siku hiyo hiyo na hatumii jina la kikundi.

Wafadhili ni wagumu zaidi kwa sababu ni wazuri. Watawapa semina, chai ya saa nne, na nauli ya kurudi, na polepole mtapata watu wanaokuja kikao kama kuna nauli tu. Tuna komredi wetu mmoja ameenda semina za "uongozi wa mashinani" mpaka hajui mashinani ni wapi sai. Kanuni: hakuna mtu anaenda semina mara mbili kabla kila mjumbe hajaenda mara moja, na nauli ikizidi ile aliyotumia inaingia sandukuni na kusomwa. Pesa kubwa ya mradi tulikataa mara moja, watu watano walinyanyua gumba chini, sababu yao ilikuwa "tutaandika ripoti lini na maji tutafungua lini".

Na kuchoka. Mtu anachoka, anakufiwa, anapata kazi ya usiku. Mtu akisema "nimechoka" anapumzika mwezi bila kuulizwa na bila kusemwa. Tulipoteza watu wazuri kwa kuwaita wasaliti.

HATUA YA 9: andikeni mtakavyofunga

Hii fanyeni mwezi wa kwanza wakati bado mnapendana. Karatasi moja: kikundi kikifa, tangi ni la nani (letu ni la nyumba zote 64, haliuzwi bila gumba la kila kumi), pesa iliyobaki inagawanywa vipi, daftari za kesi zinabaki na nani, na orodha ya namba inafutwa na watu watatu wakiangalia. Pia mkizidi nyumba mia na hamsini hivi, gawanyikeni muwe vikundi viwili vinavyotumiana wajumbe, manake kikao cha watu mia maharagwe hayatoshi na jamaa wa siasa anarudi kupata pumzi.

Kama unaanza wiki hii, nunua daftari la shilingi 50 na kalamu, tafuta wawili wa kwenda nao, na Jumamosi asubuhi, wakati watu wako kwa foleni ya maji, anza na nyumba iliyo mlango wa kwanza kushoto.